Sauti Kavu, Sikio Lenye Mwangwi: Historia ya Njia Mbili za Sauti ya Mwimbaji

Katika studio nyingi za nyumbani za leo, mwimbaji anayesimama mbele ya maikrofoni husikia ndani ya hedifoni sauti yake ikiwa imevikwa mwangwi, ilhali faili linaloandikwa kwenye diski ya kompyuta halina mwangwi wowote. Sauti hiyo isiyoongezwa kitu mafundi huiita sauti kavu, na mabadiliko ya makusudi yanayowekwa juu yake, kama vile mwangwi unaojirudia, mvumo wa ukumbi au urekebishaji wa tuni, huitwa efekti. Utaratibu wa kumpa mwimbaji kitu kimoja masikioni na kuhifadhi kingine unaonekana leo kuwa jambo la kubofya mara moja, lakini ulijengwa polepole katika studio kubwa za katikati ya karne ya 20, ukavurugika kompyuta ilipoingia majumbani, kisha ukarejeshwa kwa kazi ya miaka mingi ya wahandisi na waandishi wa programu. Hoja inayoshikilia makala haya ni kwamba mwimbaji na rekodi vina mahitaji mawili tofauti: mwimbaji anahitaji mahali pa kuimbia sasa hivi, na rekodi inahitaji uhuru wa kufanyiwa kazi baadaye. Studio ilipoweza kutenganisha mahitaji hayo, wote wawili walifaidika. Ilipolazimika kuyapitisha kwenye njia moja, mmoja wao aliumia.

Enzi ya njia moja

Kabla ya mwaka 1925 kurekodi kulifanyika bila umeme: mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa, mtikisiko wa sauti yake ukaisukuma sindano, na sindano ikachora mfuo kwenye sahani ya nta. Mwaka huo kampuni za santuri zilianza kutumia maikrofoni na vikuza sauti vya umeme vilivyotokana na utafiti wa Western Electric nchini Marekani, na ubora ukapanda kwa kasi, lakini jambo moja halikubadilika, nalo ni kwamba kilichosikika chumbani ndicho kilichochorwa, na kilichochorwa hakikuweza kuguswa tena. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, teknolojia hiyo mpya ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na mwimbaji wa wakati huo hakuwa na hedifoni wala fundi wa kumwongezea mwangwi masikioni. Alijisikia kwa masikio yake mwenyewe, kama alivyojisikia barazani.

Hali hiyo haikuisha upesi, wala haikuisha kila mahali kwa wakati mmoja. Baada ya uhuru, bendi za dansi kama NUTA Jazz zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga kwa pamoja, huku fundi mitambo akiwapanga waimbaji na wapigaji kwa umbali wao kutoka kwenye maikrofoni na kuchanganya sauti zao papo hapo kwenda kwenye kanda. Ustadi uliohitajika ulikuwa mkubwa, na nyimbo zilizopatikana kwa njia hiyo ni sehemu ya urithi wa taifa, lakini uamuzi wa mizani kati ya gita, saksafoni na mwimbaji ulikuwa wa mwisho pale pale ulipofanywa.

Efekti zenyewe zilipozaliwa, zilizaliwa ndani ya njia hiyo hiyo moja. Mwaka 1947 fundi Bill Putnam, mwenye studio ya Universal Recording mjini Chicago, alitumia bafu la studio kuwa chumba cha mwangwi alipokuwa akirekodi wimbo "Peg o' My Heart" wa kundi la Harmonicats: sauti ilipelekwa kwenye spika iliyowekwa ndani ya bafu, kuta ngumu za chumba hicho zikairudisha kwa wingi, na maikrofoni iliyokuwa humo ikaichukua tena ili ichanganywe na sauti ya asili. Hii huhesabiwa kuwa miongoni mwa mara za kwanza mwangwi wa kutengenezwa kutumika kama sehemu ya sanaa katika santuri ya muziki wa kawaida. Miaka michache baadaye Sam Phillips, katika studio yake ya Sun mjini Memphis, alipata mwangwi wa aina nyingine kwa kutumia mashine ya pili ya kanda ya sumaku. Katika mashine ya namna hiyo kichwa cha kusomea kimewekwa mbele kidogo ya kichwa cha kurekodia, kwa hiyo sauti iliyoandikwa husomwa baada ya muda mfupi. Vichwa vikiachana kwa sentimita 5, na kanda ikienda kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, sauti hurudi baada ya milisekunde 130 hivi, milisekunde ikiwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mrudio huo mfupi na mkali ndio unaosikika katika rekodi za kwanza za Elvis Presley za mwaka 1954 na kuendelea.

Rekodi hizo zimedumu, na hakuna sababu ya kutamani zingekuwa tofauti. Hata hivyo ni lazima ieleweke kwamba mwangwi wake ulishikamana na sauti tangu dakika ya kwanza, na katika jambo hili maji yakimwagika hayazoleki: fundi aliyezidisha mwangwi saa nne asubuhi hakuweza kuupunguza saa kumi jioni isipokuwa kwa kumwita mwimbaji aimbe upya.

Njia zinaachana

Mtu aliyefungua mlango wa kutenganisha njia hizo alikuwa mpiga gita Les Paul, na inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya majaribio yake aliyafanyia nyumbani. Yeye na mkewe, mwimbaji Mary Ford, walirekodi "How High the Moon", uliovuma mwaka 1951, katika makazi yao eneo la Queens mjini New York kwa njia ya kurundika sauti juu ya sauti: mashine ya Ampex iliongezewa kichwa kimoja cha kusoma yaliyokwisha kurekodiwa, yale ya zamani yakachanganywa na sauti mpya, na mchanganyiko huo ukaandikwa tena juu ya kanda ile ile. Kosa moja katika tabaka la mwisho liliharibu matabaka yote yaliyotangulia, kwa kuwa yote yalikuwa kitu kimoja. Kutokana na tatizo hilo Les Paul aliwaendea Ampex, na mwaka 1957 alipokea mashine ya traki nane, traki ikiwa ni mstari mmoja wa sauti unaojitegemea juu ya kanda pana, kiasi kwamba mwimbaji mmoja anaweza kufutwa na kurudia bila kugusa wengine.

Mashine hiyo ilikuwa na siri iliyobeba wazo zima la makala haya. Mwanamuziki anayeongeza traki mpya ni lazima asikie traki za zamani, lakini akizisikia kutoka kichwa cha kusomea cha kawaida, kilichoko mbele ya kile cha kurekodia, traki yake itaandikwa ikiwa imechelewa. Suluhisho la Ampex lilikuwa kukigeuza kichwa chenyewe cha kurekodia kisome traki za zamani wakati kikiandika mpya mahali pale pale pa kanda, ili vyote viende sambamba. Sauti iliyosomwa kwa namna hiyo ilikuwa hafifu na iliyofifia kwenye sauti nyembamba, lakini haikudhuru, kwa sababu ilikuwa ya masikio ya mwanamuziki tu. Siku ya kuchanganya, traki zote zilisomwa kwa kichwa chenye ubora kamili. Kwa mara ya kwanza ilikubalika kwa makusudi kwamba anachosikia mtu anayerekodi na kile kinachohifadhiwa vinaweza kuwa vitu viwili, kila kimoja kikitosheleza kazi yake.

Meza ya miksa, yaani kifaa kinachokusanya sauti za maikrofoni zote na kuzigawa, ilikua kufuatana na wazo hilo, na Bill Putnam ni miongoni mwa wanaosifiwa kwa kuipa sura inayojulikana leo. Katika meza hiyo sauti ya mwimbaji hufika kwenye njia panda: tawi moja huenda kwenye mashine ya kanda likiwa kavu, na tawi la pili, linaloitwa njia ya pembeni, huenda kwenye chumba cha mwangwi na kurudi moja kwa moja kwenye hedifoni za mwimbaji na spika za fundi. Fundi anaweza kuongeza mwangwi wa tawi la pili kadiri mwimbaji anavyopenda, na kanda isijue lolote.

Vyanzo vya mwangwi wenyewe viliongezeka katika kipindi hicho. Jengo la Capitol mjini Hollywood, lililofunguliwa mwaka 1956, lilichimbiwa vyumba vya mwangwi vya zege chini ya ardhi, na mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani ya EMT ilitoa kifaa cha EMT 140, ambacho kilikuwa bamba jembamba la chuma lenye urefu wa takriban mita 2 na kimo cha mita 1, lililoning'inizwa ndani ya fremu na kutikiswa kwa umeme ili litoe mvumo unaofanana na wa ukumbi. Kifaa hicho kilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, na bado kilihesabiwa kuwa chepesi na cha bei nafuu kikilinganishwa na kujenga chumba kizima. Katika studio za EMI za Abbey Road, London, mafundi walikuwa na desturi ya kuipitisha sauti kwenye mashine ya kanda kwanza kabla ya kuipeleka chumba cha mwangwi, ili mvumo uchelewe kidogo baada ya sauti kavu na maneno ya mwimbaji yasikike wazi. Ucheleweshaji huo wa makusudi una nafasi kubwa katika sehemu ya mwisho ya historia hii.

Si kila studio iliyotenganisha njia kila mara. Ilipokuwa na traki nne tu, kama Abbey Road ilivyokuwa katikati ya miaka ya 1960, fundi alilazimika mara kwa mara kuunganisha traki kadhaa kuwa moja ili apate nafasi, na efekti zikaunganishwa pamoja nazo. Lakini kadiri traki zilivyoongezeka hadi 16 na 24 katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, ndivyo kurekodi kavu na kusikiliza kwa mwangwi kulivyokuwa kanuni ya kazi katika studio zenye uwezo.

Kwa nini sikio la mwimbaji linadai mwangwi

Sauti ya binadamu haijawahi kuishi mahali pasipo na kuta au ardhi ya kuirudisha. Anayeimba kanisani, anayesoma kaswida msikitini na anayeghani uwanjani, kila mmoja hujirekebisha kwa kusikia jinsi mahali alipo panavyomjibu, na mtu anapofungiwa katika chumba kilichozibwa kwa magodoro na mazulia, kisha akafunikwa masikio kwa hedifoni, jibu hilo hukatika. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alionyesha mwaka 1911 kwamba mtu huinua sauti bila kujitambua anapozungukwa na kelele, jambo linalothibitisha kwamba koo huongozwa na sikio kila nukta. Kwa waimbaji matokeo yake yanajulikana na kila fundi mzoefu: anayejisikia kwa shida hulazimisha koo na kupanda juu ya tuni, anayejisikia kwa nguvu mno hujizuia na kushuka chini yake, na anayepewa mwangwi uliozidi hupoteza ukali wa matamshi kwa kuwa mvumo unamfichia makosa. Mwangwi wa kiasi humpa mwimbaji ukumbi wa kuimbia, humtia moyo wa kushikilia noti ndefu, na humwezesha kusikia noti yake ikiendelea kidogo baada ya kuiacha, kipimo kizuri cha kujua kama alikuwa kwenye ufunguo.

Sikio hilo hilo, hata hivyo, lina adui mkubwa, ambaye ni ucheleweshaji wa sauti yenyewe. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alieleza kwamba msemaji anayerudishiwa sauti yake masikioni ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde huanza kugugumia, kurudia silabi na kupunguza mwendo. Kwa mwimbaji tatizo huanza mapema zaidi, kwa sababu sauti yake humfikia kwa njia ya mifupa ya fuvu papo hapo anapoitoa, na ile ya hedifoni ikifuata milisekunde chache baadaye, sauti hizo mbili hugongana, baadhi ya sehemu zikafutana, na mwimbaji akajisikia kana kwamba anaimbia ndani ya bomba. Ucheleweshaji ukivuka milisekunde 20 au 30, wengi huanza kusikia watu wawili na kuburutwa nyuma ya mapigo. Katika studio ya meza ya miksa na kanda jambo hili halikuwa na uzito, kwa kuwa umeme ndani ya nyaya hauchelewi kiasi cha kusikika. Lilikuja na kompyuta.

Studio inaingia nyumbani

Hatua ya kwanza ya kurekodi kwa traki nyingi nyumbani kwa bei ya mtu wa kawaida haikuwa kompyuta bali kaseti. Mwaka 1979 kampuni ya Kijapani ya Teac ilitoa Portastudio 144, mashine ya traki nne iliyotumia kaseti ya kawaida na iliyokuwa na miksa ndogo ndani yake, na mwanzoni mwa mwaka 1982 Bruce Springsteen alirekodi kwa mashine hiyo, nyumbani kwake New Jersey, nyimbo za albamu ya "Nebraska", mwangwi wa kifaa cha Echoplex ukaongezwa wakati wa kuchanganya. Miksa ile ndogo ilikuwa imerithi njia panda ya meza kubwa: aliyekuwa na kifaa cha mwangwi aliweza kukiunganisha pembeni, akakisikiliza anapoimba, na akaiacha kaseti kavu.

Kompyuta ilifika kwa hatua. Cubase ya kampuni ya Steinberg ya Hamburg, iliyotoka mwaka 1989 kwa ajili ya kompyuta za Atari, iliandika amri za kinanda tu, si sauti yenyewe. Mwaka huo huo Digidesign ya Marekani ilitoa Sound Tools, iliyorekodi sauti kwenye diski ya Macintosh, na mwaka 1991 ikafuata Pro Tools, lakini mitambo hiyo ilitegemea kadi maalumu za gharama ambazo nyumba nyingi hazikuweza kuzimudu. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996, Steinberg ilipotoa Cubase VST, ambayo ilifanya miksa na efekti zote kwa kutumia prosesa ya kompyuta yenyewe, na ikaweka utaratibu wa plagini, yaani programu ndogo za efekti zinazopachikwa ndani ya programu kubwa. Chumba cha mwangwi cha zege na bamba la kilo 270 vilianza kugeuka kuwa hesabu ndani ya kompyuta ya mezani.

Programu hizo zilikuwa na mpangilio mzuri wa asili: sauti iliyoingia kutoka kwenye maikrofoni iliandikwa kwanza diskini ikiwa kavu, na plagini iliwekwa baada ya hapo, kwenye njia ya kutokea kuelekea masikioni. Kwa maneno mengine, kurekodi kavu kukawa ndiyo hali ya kawaida bila fundi kufanya lolote. Lakini ili mwimbaji asikie plagini hiyo, sauti yake ilipaswa iingie kwenye kompyuta, ihesabiwe, kisha itoke, na safari hiyo ilikuwa ndefu mno.

Sababu ya urefu huo inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Kompyuta hugawa sauti kuwa sampuli, ambazo ni vipimo 44,100 kwa kila sekunde kwa ubora wa sidii, na haizishughulikii moja moja bali kwa mafungu yanayokusanywa kwenye hifadhi ya muda inayoitwa bafa. Bafa ya sampuli 1,024 huhitaji milisekunde 23 ili ijae wakati wa kuingia na nyingine 23 wakati wa kutoka, jumla milisekunde 46 kabla ya kuhesabu kazi nyingine, muda ambao sauti hewani hutembea karibu mita 16. Mwimbaji anajisikia kana kwamba spika yake imewekwa ng'ambo ya ua. Bafa ikipunguzwa hadi sampuli 64, safari nzima hushuka kufikia milisekunde 3 hivi, sawa na kusimama mita moja mbele ya spika, lakini prosesa hulazimika kumaliza kila fungu kwa haraka zaidi, na ile ya miaka ya 1990 ikichelewa sauti ilikatika na kutoa mikwaruzo. Juu ya hayo, mfumo wa Windows ulikuwa umeweka tabaka kadhaa kati ya programu na kadi ya sauti, na ndiyo sababu Steinberg ilileta ASIO mwaka 1997, njia ya kuzungumza na kadi moja kwa moja bila kupita kwenye tabaka hizo.

Kipindi hiki kilikuwa na uzito wa pekee kwa Afrika Mashariki, kwa sababu ndicho kilichoandamana na kukua kwa studio za watu binafsi. MJ Productions ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani mjini Dar es Salaam, pamoja na Ogopa Deejays na Calif Records jijini Nairobi, zilitoa sauti ya kizazi kipya, na nyuma yao zikafuata studio nyingi za mitaani zenye kompyuta moja, maikrofoni moja na kona ya kuingizia sauti iliyozibwa kwa mazulia na trei za mayai. Katika kona kama hiyo sauti hufa mara inapotoka mdomoni, kwa hiyo mwimbaji wake alihitaji mwangwi wa masikioni kuliko hata mwimbaji wa studio kubwa, na kompyuta ya wakati ule ndiyo iliyokuwa dhaifu zaidi katika kumpa.

Kasi bila ukumbi

Jibu la kwanza la watengenezaji lilikuwa kuikwepa kompyuta. Kadi za sauti za nje, yaani visanduku vinavyounganisha maikrofoni na kompyuta, ziliwekewa njia ya mkato inayoirudisha sauti ya maikrofoni kwenye hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta. Mbox, iliyotolewa na Digidesign mwaka 2002, ilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha ambacho upande mmoja kilimpa mwimbaji sauti yake mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni, upande wa pili kikampa muziki unaotoka kwenye kompyuta, na katikati kikavichanganya. Ucheleweshaji ulitoweka, lakini mwangwi nao ukatoweka, kwa kuwa plagini ilibaki ndani ya kompyuta ambayo sauti ilikuwa imeikwepa. Mwimbaji wa nyumbani akalazimika kuchagua kati ya ukumbi unaochelewa na chumba kikavu kinachokwenda na wakati. Wapo waliotatua jambo hili kwa kununua kifaa cha mwangwi na kukipachika kati ya maikrofoni na kadi, lakini kwa kufanya hivyo walirudi kwenye njia moja ya mwaka 1947, mwangwi ukiwa umeandikwa pamoja na sauti.

Hata hivyo suluhisho lilikuwa tayari ndani ya vifaa vile vile, na linatokana na tofauti ambayo mafundi wa Abbey Road waliijua vizuri. Kinachomsumbua mwimbaji ni kuchelewa kwa sauti kavu. Kuchelewa kwa mvumo hakumsumbui, kwa sababu katika maumbile mvumo huchelewa daima. Ukuta ulio mita 5 mbali hurudisha sauti baada ya safari ya mita 10, ambayo huchukua milisekunde 29 hivi, na ukumbi mkubwa huchukua zaidi. Kwa hiyo mwimbaji anaweza kupewa sauti kavu kwa njia ya mkato ya kadi, huku kompyuta ikimpa mvumo peke yake, plagini ikiwa imewekwa kwenye njia ya pembeni na kuzuiwa isipitishe hata chembe ya sauti kavu. Ucheleweshaji wa bafa hugeuka kuwa umbali wa ukuta wa ukumbi, jambo ambalo huko London lilihitaji mashine nzima ya kanda ili kulipata, na diskini huandikwa sauti kavu kama kawaida. Njia hii haihitaji kifaa kipya wala programu ya kulipia, inahitaji tu kuelewa sauti inapita wapi, na ndiyo maana elimu ya njia za sauti ina thamani kubwa kwa prodyuza mwenye kompyuta dhaifu.

Watengenezaji nao walilifikia lengo hilo kwa njia yao. Kadi za sauti zilianza kuwekewa prosesa yao wenyewe ya kufanya hesabu za efekti bila kuisubiri kompyuta, kama Fireface UFX ya kampuni ya Kijerumani ya RME ya mwaka 2010, ambayo inaweza kumpa mwimbaji mvumo wa hedifoni usioingia kwenye rekodi. Mwaka 2012 Universal Audio, kampuni iliyoanzishwa na Bill Putnam mwaka 1958 na kufufuliwa na wanawe mwaka 1999, ilitoa kadi ya Apollo, ambamo mtumiaji huchagua waziwazi kama efekti anayoisikia iandikwe pamoja na sauti au ibaki ya masikioni tu. Wakati huo huo prosesa za kawaida ziliongezeka nguvu kiasi kwamba bafa ya sampuli 64 au 128 inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta nyingi za mkononi, na njia panda ya meza ya miksa ikawa imerudi nyumbani kikamilifu.

Efekti inayobadilisha uimbaji wenyewe

Aina moja ya efekti haitatuliwi kwa mgawanyo wa sauti kavu na mvumo. Auto-Tune, programu iliyotolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi ya kuchambua mawimbi ya ardhi kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, husogeza noti ya mwimbaji hadi kwenye noti sahihi, na ikikazwa hutoa sauti ya kuruka ngazi kwa ngazi iliyojulikana duniani kupitia wimbo "Believe" wa Cher wa mwaka 1998 na baadaye kupitia kazi za T-Pain, kabla ya kuenea katika Bongo Fleva na muziki wa Kenya. Efekti hii haiongezi kitu pembeni ya sauti, bali huibadili sauti yenyewe, kwa hiyo haiwezi kusikika bila sauti yote kupita kwenye hesabu na kuchelewa nazo. Na mwimbaji anayeisikia huimba tofauti: huburuta noti taratibu ili programu iruke pale anapotaka, huacha mtetemo wa koo aliofundishwa, na huitumia kama mpiga gita anavyotumia kikuza sauti chake. Kumrekodi bila kumsikilizisha efekti hiyo ni kumnyima chombo anachokipiga. Hata hapa faida ya kuandika kavu inabaki, kwa kuwa ufunguo ukiwekwa vibaya kwenye programu, au mtindo ukichujuka baada ya miaka kumi, sauti ya asili ipo na inaweza kufanyiwa kazi upya.

Uhuru huo una masharti yake. Nyimbo za Sun na za Radio Tanzania zinaonyesha kwamba uamuzi wa papo hapo unaweza kuzaa ukamilifu, na kwamba prodyuza anayeahirisha kila uamuzi hadi siku ya kuchanganya hujikuta na traki nyingi zisizo na mwelekeo. Njia sahihi ni kuamua mapema jinsi wimbo utakavyosikika, kumpa mwimbaji uamuzi huo masikioni ili aimbe ndani yake, na bado kuhifadhi sauti kavu pamoja na kumbukumbu ya efekti iliyotumika. Sharti la pili linahusu utunzaji: prodyuza wa nyumbani ndiye fundi, ndiye mchanganyaji na ndiye mtunza hazina, na faili kavu lililofutwa ili kupata nafasi ya diski haliwezi kuombwa kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo studio ya nyumbani haipaswi kupimwa kwa bei ya maikrofoni yake wala kwa wingi wa plagini zake. Kipimo chake cha kwanza ni mahali ambapo njia ya sikio na njia ya rekodi zinaachana. Zikiachana baada ya sauti kuandikwa, mwimbaji anaimba akiwa na ukumbi wake, na wanaokuja baada yake, wawe wachanganyaji, watafiti au wajukuu wanaotaka kusikia sauti ya babu yao ilivyokuwa, wanapata koo la mtu kamili, bila kulazimishwa kukubali mtindo wa mwaka mmoja.